Siku Nilimusukuma Papa Étienne na India Yake Yote Mpaka Etterbeek

Bamama ya chorale, kila dimanche munaniuliza, na kila moja iko na yake. Maman Faida anasema eti nilipigana na police. Maman Esther anasema nilipanda kwa estrade, ile jukwaa, nikabariki ma-professeur kama askofu. Bon. Leo nasema yote, toka mulango yangu ya Forest, hapa Bruxelles, mpaka ile sale, ukumbi ya mikutano, ya Etterbeek. Ilikuwa kilometre huit, labda neuf, hata kumi haifike, lakini ilinikamata siku muzima. Nimekwisha panda ndege mara tatu, na hakuna hata moja yenye ilinionesha bitu kama bile. Naandika vile kinywa inasema. Muwalimu yenye alinifundisha herufi uzeeni aliniambia virgule ni ya kupumua, na mimi nikianza kusema sipumuake.

Papa Étienne munamujua kwa jina tu. Ni muzee ya quatre-vingt-six ans, miaka themanini na sita, macho imebakia kidogo, magoti ilikufa zamani. Ujana yake alikuwa padri kwetu Bukavu, anafundisha. Kiisha akaacha upadri, akarudia Ulaya, akafunga ndoa na India. Siyo na mwanamuke wa India, hapana. Na India yenyewe, ile ya zamani kabisa, mbele Yesu azaliwe, yenye bantu yake bote bamekufa. Onze ans sasa, miaka kumi na moja, namuogesha, namupikia, namusikiliza. Swahili yake ni ya misale: "Mama Riziki, tafadhali niletee miwani yangu iliyoko mezani." Iliyoko. Muntu haoni, anatafuta macho yake, na bado anapata nafasi ya kusema iliyoko.

Forest, kupanda mulima

Siku ya grève nationale, mugomo ya inchi muzima, hakuna tram, hakuna bus, hakuna metro. Nilitoka sept heures, saa moja ya asubui, na sakoshi ya beignets. Kwa ngazi nikakuta jirani wangu wa chini, Karim, ule alitumika kwa usine, kiwanda ya magari, mpaka ikafungwa. Amevaa gilet nyekundu, anaenda kwa manif, maandamano ya bagomaji.

Nikamuchokoza: "Karim, unaenda kugoma na kazi huna?"

Yeye anasemea mu pua, hivi: "Justement, Madame Bernadette. Zamani bantu bananiuliza unafanyaka nini, nasema magari. Sasa nasema nini? Nawaambia jina ya baba yangu?"

Nikamupatia beignet mbili, nikapanda. Ile njia ya kuelekea Altitude Cent, na magoti yangu ya soixante-deux ans, miaka sitini na mbili, ni kama kupanda Kadutu kule Bukavu na mukungu ya ndizi kichwani. Nilipumuzika kwa kila banc, kiti ya njiani. Kwa banc ya tatu kulikuwa mama moja mubeleji na imbwa yake, akaniuliza kama nimepotea. Nikamuambia hapana, naenda kazini. Akasema, "Leo? Quel courage." Imbwa yake ikakula beignet.

Uccle, kwenye mulango

Nikamukuta Papa Étienne amekaa mu kiti yake ya magurudumu, uso kwa mulango, cravate shingoni, feuilles dix-neuf, kurasa kumi na tisa, juu ya magoti. Siku ile, quinze heures, saa tisa ya muchana, alipaswa kusema mbele ya bazee benzake, bale bote balisoma habari ya India pamoja na yeye. Ilikuwa mara ya mwisho. Lundi yake, jumatatu, alikuwa anahama, anaenda mu nyumba ya bazee kule Ardennes karibu na binti ya dada yake, kwenye bantu banacheza karata na hakuna muntu anamuuliza muntu habari ya India.

Simu ilikuwa juu ya meza, inasema kwa nguvu. Ni ule binti ya dada. Iko na sauti ya kuongea na paka: "Tonton, soyons raisonnables. Njia bamefunga, gari haipite. On annule, tuache tu, hein? Lundi unasafiri, lala kidogo."

"Ndiyo, ndiyo," anajibu Papa Étienne, oui oui, oui oui. Akafunga simu. Akaniambia kwa ile Swahili yake, polepole kama muntu anatangaza kilio: "Mama Riziki, inaonekana ya kwamba hotuba yangu haitasomwa."

"Si utaisoma mwezi ujao?"

"Nusu ya wale wanaoningoja hawatakuwako mwezi ujao. Huenda nami nisiwepo. Nimeufuta ukurasa wa mwisho mara tatu. Jana usiku ndipo nilipoumaliza. Ni kazi ya miaka arobaini, huo ukurasa."

Alisema na akaanza kufungua cravate. Nimemuona muzee huyu akianguka mu douche, nimemuona na homa, sijapata kumuona anafungua cravate namna ile.

Nikamuuliza: "Ile India yako, bantu balikuwa banatembea na nini?"

"Kwa miguu. Na magari ya kukokotwa na ng'ombe."

"Bon. Leo mimi njo ng'ombe. Funga cravate."

Avenue Brugmann, na ng'ombe

Bamama, Bruxelles bila tram ni muji ingine. Njia yote ilikuwa ya baiskeli na bantu ya miguu, na kila muntu anasalimia, kitu hakifanyikake hapa. Mimi nasukuma, Papa Étienne anasema. Alitaka kufanya répétition, kujaribu hotuba yake mbele ya kufika. Akanifanya mimi njo sale.

"Hapo mwanzo," anasema, na kidole juu kama padri, "utajiri wao ulikuwa ng'ombe. Walipigana kwa ajili ya ng'ombe, waliomba mungu wao awape ng'ombe, zawadi ilikuwa ng'ombe. Na mtu alijulikana kwa ukoo wake."

"Kwetu Bushi, kwa bilima bya karibu na Bukavu, pia," namuambia. "Baba yangu alikuwa na ng'ombe ya muntu ingine mu lupango yake, na juu ya ile ng'ombe tulikuwa bantu ya ule muntu. Akituita, tunakuja. Ng'ombe ikizaa, tunaimba."

Papa Étienne akageuza shingo. "Onze ans," anasema, "na hukuniambia."

"Hukuuliza."

Akaendelea. Kiisha bantu ya ile India bakapata chuma. Na shoka ya chuma bakakata pori kubwa karibu na ile muto yao Ganges, bakalima muchele, na chakula ikazidi. Chakula ikizidi, kuko muntu anaweza kuacha kulima, akafinyanga byungu siku muzima, mwingine akashona, mwingine akatembeza bitu kwa njia. Bakajenga miji. Bakatengeneza vipande ya feza na alama juu yake. Alikuwa anasema na mikono yote mbili, na mimi nasukuma, na mikono yake inapiga bantu ya baiskeli.

Njo gurudumu ndogo ya mbele ikaingia mu pavé, kati ya mawe ya njia, na ikabaki mule. Boulon ya kufunga gurudumu ikaruka, ikaenda zake. Kiti ikainama, na India yote na Papa Étienne bakainama.

Kulikuwa kaduka kadogo pale kwa kona, kenye kanauza kila kitu. Mwenye duka akatoka mbio, mwanaume ya sharubu nyeusi. Papa Étienne akamuangalia na ile jicho yake kidogo, akaona ni muhindi, uso ikawaka. Akasimamisha kidole na akaanza kumusemesha mu luga ya ma-moine, batawa ya zamani, ile ya mbele ya Yesu. Alisema muda murefu, na heshima kubwa. Mimi nilifikiri muhindi atalia.

Ule muntu akasikiliza yote. Kiisha akaniuliza mimi, pembeni, mu français ya Bruxelles kabisa: "Madame, Monsieur anasema flamand?"

Flamand, ile luga ingine ya Babeleji! Nilikaa chini kwa trottoir. Sikusimama kwa kucheka. Papa Étienne alikuwa mwekundu kama gilet ya Karim. Mwenye duka akamufariji, eti yeye ni wa Kerala, kusini kabisa, na hata ile bale ya kaskazini banasema leo haisikie vizuri, sembuse ya bantu benye balikufa.

Akaleta boulon, akaleta clé, akalala chini ya kiti kama muntu ya garage. Papa Étienne hakunyamaza. Akamuuliza bababu yake balifanyaka kazi gani. Mwenye duka anajibu toka chini, sauti yake inatokea mu magurudumu: "Babu alikuwa anapanda minazi, kuangusha nazi. Kila siku, toka utoto, kwa sababu baba yake alipanda pia, na hakuna muntu angemupatia kazi ingine. Baba yangu akaenda Dubai kujenga. Mimi nauza chips kwa Avenue Brugmann. Binti yangu anasoma informatique, mambo ya kompyuta, anaogopa hata kupanda escabeau, kangazi ka nyumbani. Muandike hiyo mu kitabu yenu."

"Nitaiandika," anasema Papa Étienne. Na alikuwa anasema kweli.

Mwenye duka akatupatia pakiti ya chips ya ndizi, zilikaangwa mu mafuta ya nazi. Mimi mutoto ya Kivu, najua ndizi ya kuchoma, ndizi ya kupika, ndizi ya kasiksi, pombe yetu. Ile sikujua. Tulikula pakiti muzima mbele ya kufika Ma Campagne.

Porte de Namur, bantu ya gilet

Kutoka Ma Campagne mpaka Avenue Louise tulienda vizuri, njia yote ni ya kutereremuka kidogo na kupanda kidogo. Lakini kwa Porte de Namur, ukuta. Manif ilikuwa inapita, bantu elfu na elfu, ma-gilet ya nyekundu, ya kijani, ya bleu, ngoma, mafilimbi, moshi. Police balikamata fito yao, hakuna kuvuka. Ilikuwa midi et demi, saa sita na nusu. Papa Étienne alikuwa anaangalia montre yake, na montre yake haioni, anaisikiliza tu kwa sikio.

Nikamuambia police, kijana moja mwenye uso ya mutoto ya communion: "Monsieur, ule muzee anapaswa kuvuka."

"Madame, personne ne passe." Hivi, bila kufungua meno.

"Akikufa hapa utamubeba wewe?"

"Madame, personne ne passe."

Tukabaki. Bon, kwa kubaki, Papa Étienne akaendelea na répétition, anapaza sauti juu ya ngoma. Alifika kwa miji. Kwamba mu miji ya India ile, bafinyanzi bakakaa kwa njia moja, bashoni kwa njia ingine, bachonga pembe kwa njia ingine. Kila kazi na chama yake, na mukubwa ya chama, na sheria yake. Chama ikawa na nguvu mpaka mufalme anaogopa kuigusa. Na bapadri yao, ma-Brahmane, balikuwa bamepanga bantu mu ngazi ine, bao benyewe juu. Sasa inatokea mufanyabiashara wa ngazi ya chini, iko na ghala, iko na magari ya ng'ombe cinq cents, na padri wa juu anakuja kumuomba muchele. Ngazi ikaanza kutikisika.

"Si njo bamama ya samaki ya Kadutu," namuambia. "Tulikuwa na Présidente, Mama Nyota, mukubwa kama frigo. Ukiuza kwa bei ya chini ya mwenzako, Mama Nyota anakuja, hasemi kitu, anakaa tu juu ya beseni yako. Hata commissaire alikuwa anamusalimia ya kwanza. Na hakuna yenye alikuuliza baba yako ni wa kilima gani. Banauliza: unauza nini? Samaki ya sambaza ao ya fretins?"

Papa Étienne akapiga magoti yake kwa furaha. "Hiyo ndiyo hotuba yangu yote, Mama Riziki. Mambo niliyoandika kwa kurasa kumi na nane, wewe umeyamaliza kwa samaki."

Nyuma yetu mwanamuke moja akacheka. Mweusi, mukubwa, gilet ya kijani, viatu ya infirmière, muuguzi. Akasema na ile Swahili ya bantu ya Nairobi, yenye inavaa cravate mbele na jeans nyuma: "Shikamoo mama. Shikamoo mzee. Mnaenda wapi na hii stress yote?"

Nikamuambia.

"Saa tisa? Aah, bado time iko. Nifuateni. Usimwangalie huyo polisi, mwangalie mgongo wangu."

Akaingia mu manif kama kisu mu siagi, anapiga filimbi, anasema mu français: "Hôpital, hôpital, poussez-vous!" Bantu bakafunguka. Hapakuwa hôpital, lakini yeye ni infirmière na Papa Étienne anafanana na mugonjwa, hakuna yenye alisema uongo. Mu katikati ya njia ngoma ilinikamata, nikachezesha kiti kidogo, kushoto kulia. Papa Étienne akapungia manif yote mukono kama mufalme. Hapo njo balitupiga ile photo munatumianaka.

Matonge, mbele ya sahani

Kwa ngambo ingine, harufu. Munajua Matonge, mutaa yetu Bafrika, sina haja ya kueleza. Nilisukuma mètres cent na miguu ikakataa. Tukaingia kwa Ya Chantal, dada yetu mukubwa, yenye resto yake iko na meza ine na télé moja yenye haizimake.

Ya Chantal ni wa Kinshasa, Swahili haimupendeze. Anasimama, mikono kiunoni: "Mama Riziki, mundele oyo aza na nzala?"

"Aza na nzala," anajibu Papa Étienne na Lingala, kwamba muzungu iko na njaa, na sisi bote tukamuangalia. Bukavu alijifunza mengi huyu muzee.

Tukakula sombe, majani ya muhogo, na makayabu, samaki ya chumvi, na fufu. Anakula na mukono, vizuri kabisa, anafinyanga tonge kama muntu amezaliwa kwetu. Na pale, kati ya tonge na tonge, akanisomea feuille ya dix-neuf, ile ya mwisho. Hakuisoma, macho haiwezi. Aliijua kichwani.

Kulikuwa, anasema, bantu benye balifuata Buddha, na balijenga bilima bikubwa bya mawe bya kusalia. Kila muntu alileta zawadi, na jina yake ikachongwa kwa jiwe: bachonga pembe, bashoni, bafanyabiashara. Na banamuke, banamuke wengi sana. Mambo mapya kabisa, mwanamuke na feza yake, anatoa zawadi mbele ya bantu bote. Lakini, na hapo akasimamisha kidole ya sombe, wengine kati yao jiwe haitaje jina yao. Inasema tu, zawadi ya mama ya fulani. Papa Étienne alimaliza hivi: muji na feza ilifungulia mwanamuke kisanduku, lakini ikamufungia jina. Alijificha nyuma ya mutoto yake. Njo conclusion, mwisho ya hotuba yake. Miaka quarante.

Mimi nilianza kucheka na fufu mu kinywa.

"Unacheka nini, Mama Riziki?"

"Umeniita nani?"

"Mama Riziki."

"Na jina yangu?"

Akafikiri. Alifikiri muda. "Bernadette," anasema. "Kwenye mkataba ni Bernadette."

"Alors, onze ans unaniita mama ya fulani. Umeona mahali nimejificha? Mimi na mudomo huu?"

Akacheka naye, mpaka mabega ikatikisika. Kiisha akauliza, bila kuwaza, vile muntu anauliza chumvi: "Na huyo Riziki mwenyewe anaishi wapi? Watoto wako wanne nawajua, Josué na wenzake. Riziki sijamwona kamwe."

Ya Chantal alizima télé. Yeye anajua.

Nikamuambia. Riziki alikuwa wa kwanza, na six ans, miaka sita. Vita ilipoingia Bukavu tulikimbilia pori, kuelekea Shabunda, na homa ikamukamata njiani. Siku tatu. Tulimuzika pembeni ya njia, tulichimba na mukono na sahani, na kesho yake tukatembea, juu baaskari balikuwa nyuma yetu. Pale hakuna musalaba. Hata leo ukinipeleka siwezi kukuonesha ni wapi.

Kiisha Josué akazaliwa. Mama mukwe wangu alikuwa muntu muzuri, akasema sasa tuache jina ya kilio, tumuite Mama Josué. Kwetu inafanyika, ni kwa kuhurumia muntu. Akaniita: "Mama Josué." Mimi kimya. "Mama Josué, leta maji." Mimi ni kiziwi, naangalia kuku. Mwezi muzima nilikuwa kiziwi, bamama. Nyumba ilikosa maji. Mwisho njo akaita, na hasira: "Mama Riziki." Nikaitika, "Karibu mama, ulisema maji?"

Nilimuambia vile na sauti yote mbili, ya mama mukwe na yangu, na Ya Chantal alicheka na apron machoni.

Papa Étienne hakucheka. Alikuwa amesimamisha mukono juu ya sahani, sombe inakauka kwa vidole. Akaniuliza mu français, yeye yenye onze ans hanisemeshake français: "Vous avez choisi?"

"Kuchagua njo nini? Nilikataa tu."

Akaomba maji ya kunawa. Akanawa polepole, kila kidole. Kiisha akatoa feuille ya dix-neuf mu classeur, jalada ya karatasi zake, akaikunja mara ine, akaiweka mu mufuko ya koti.

Nikaogopa. Nikamuambia: "Papa, mimi nilikuwa nakuchokoza. Usiharibu kazi yako juu ya mudomo yangu. Tuko karibu kufika."

"Saa ngapi?" akauliza.

Quatorze heures vingt, saa nane na dakika makumi mbili.

Chaussée de Wavre, kutereremuka

Sitasema mingi juu ya hii, juu sikuona mingi. Chaussée de Wavre kutoka Matonge inatereremuka. Kwa kupanda, mimi nilikuwa ng'ombe. Kwa kushuka, kiti njo ikawa ng'ombe na mimi ni mukia. Nilivuta na kisigino, nilivuta na kiuno. Ya Chantal alitoka resto na apron yake, akashika upande ingine, na tukashuka batatu, yeye anaomba Mungu na Lingala, mimi na Swahili, na Papa Étienne anasema, "Polepole, akina mama, polepole," lakini na sauti ya mutoto anateleza kwa toboggan. Kwa Place Jourdan bantu ya kula frites balitupigia makofi. Ya Chantal akashika kifua, akasema arudi, amewacha sungunia, sufuria yake, kwa moto.

Etterbeek, mu sale

Tukaingia quinze heures na dakika ine. Sale ilikuwa ndogo kuliko nilifikiri. Bantu vingt, labda vingt-cinq, vichwa byeupe kama pamba, karibu bote balikuja kwa miguu, na jasho. Njo nikajua siko peke yangu muzee mujinga mu Bruxelles siku ile. Babili bakamubeba Papa Étienne na kiti yake kwa ngazi tatu ya estrade. Mimi nikakaa nyuma, karibu na thermos ya café.

Akasema. Bamama, huyu muntu sikumujua. Nyumbani anatafuta miwani. Pale alisimama mu kiti, kama muntu anaweza kusimama na amekaa. Ng'ombe, chuma, pori, muchele, miji. Alisema ile ya minazi na escabeau ya Avenue Brugmann, na bakacheka. Alisema ya Mama Nyota juu ya beseni, na bakacheka zaidi. Mimi nilikuwa nahesabu kurasa, na nilijua ya dix-neuf iko mu mufuko.

Akafika kwa mawe, kwa bachonga pembe, kwa banamuke. Na pale akafunga classeur. "Voilà," anasema.

Mu safu ya kwanza kulikuwa mwanamuke mukonde, mkufu ya lulu, Madame Gisèle. Nilimujua kwa barua. Nimemusomea Papa Étienne barua zake, neno kwa neno na kidole, na miaka yote ile banagombana kwa timbre ya posta. Sauti yake ni kama kijiko kwa kikombe: "Mais, cher Étienne. Na conclusion? Tulitembea kilometre zote hizi kwa kusikia conclusion."

"Nimeiondoa. Ilikuwa na kosa. Mwenzangu moja amenisahihisha leo, njiani."

"Mwenzako gani?"

Akaonesha nyuma. Vichwa byeupe byote bikageuka. Mimi nilikuwa na biscuit mu kinywa.

Akaeleza, mu maneno machache, ya jina yangu, vile nilikataa kuitwa ingine. Hakusema ya pori ya Shabunda, hiyo aliniachia mimi. Madame Gisèle akasikiliza, shingo pembeni. "Ni muzuri sana. Lakini preuve, ushahidi, iko wapi? Muntu ya Bukavu ya leo haiwezi kutuambia muntu ya India ya miaka deux mille alikuwa anawaza nini."

"Kweli kabisa," anasema Papa Étienne. "Sina preuve kwamba walifikiri kama yeye. Niko na preuve kwamba mimi sikuwahi kuuliza. Niliandika kwamba wamejificha. Sikujua, niliandika tu. Sasa nafuta."

Mimi nilimuhurumia, juu muntu anafuta miaka quarante mbele ya bantu, na lundi anahama. Nikajikuta nimesimama. Hakuna yenye aliniita, Maman Esther, na kwa estrade sikupanda. Nilisema pale pale kwa thermos, na français yangu yenye munajua.

Nikawaambia: "Mimi sikusoma. Lakini niko na batoto ine bazima, na bajukuu sept. Siku nikikufa, Bernadette iko na bantu onze ya kumutaja. Riziki hana. Alikuwa na six ans, hakuacha kitu, hata kaburi hakuna. Mukiniita mimi, munamutaja yeye. Kwa soko, kwa kanisa, kwa simu, mara ngapi kwa siku moja. Mungenipatia jiwe moja na muntu ya kuchonga, mungefikiri naweza kupoteza nafasi juu ya Bernadette?"

Nikakaa. Nikanywa café ya muntu ingine, sikujua.

Papa Étienne alikuwa ameinamisha kichwa. Muzee moja wa safu ya pili akaanza kupiga makofi, wengine bakafuata. Siyo makofi ya nguvu. Yalikuwa ya polepole, kama mvua yenye inaanza kwa mabati. Ule binti ya dada alikuwa amefika, sijui kwa njia gani, amesimama kwa mulango na funguo ya gari mukononi, na mara hii hakuwa na sauti ya paka wala ya nini.

Madame Gisèle hakupiga makofi. Alikuwa anaandika kitu mu kikaratasi. Kiisha, wakati bantu banatafuta ma-manteau, akakuja mpaka kwangu na fimbo yake, tok, tok, tok. Nikajitayarisha kwa preuve.

Akanipatia mukono. "Au revoir, Madame..." Akasimama, akaangalia kikaratasi yake, akatengeneza mudomo kama muntu anataka kupiga filimbi. "Mama Ghiziki."

Alitamka vibaya, na koo, kama muntu amemeza mufupa. Lakini alimuita.